Kioo cha mzani kilimtazama karani: uchambuzi wa kisa cha maoni ya wasomaji wa jarida moja la wakulima, Mtwara

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya watu wanaotengeneza majarida madogo, ya vyama vya wakulima, vikundi vya akina mama, shule, parokia, msikiti, yeyote mwenye ukurasa wa maoni ya wasomaji ambaye kila toleo anakaa anajiuliza aweke yapi na aache yapi. Majina ya watu, kijiji, chama cha msingi na jarida lenyewe nimeyatoa, na vitu vichache nimevibadilisha ili mtu asitambulike, na sababu ya kuwa mkali hivyo kwenye jambo hilo mtaiona huko mbele.

MAZINGIRA

Ni wilaya moja ya mkoa wa Mtwara, huko juu kwenye nyanda za Makonde. Maisha ya huko mnayajua, korosho ndo ada ya shule, ndo bati, ndo harusi. Kuanzia Oktoba watu wanapeleka korosho chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, zinapimwa, zinapangwa madaraja, zinaenda ghala kuu kisha mnadani, na huo ndo mfumo wa stakabadhi ghalani ambao kwenye korosho uliingia msimu wa 2007/2008. Kabla ya hapo na hata baada ya hapo kulikuwa na kangomba, na tusidanganyane bado ipo, mtu anakuja nyumbani kwako kipindi cha njaa na kopo lake, anapima kwa kipimo chake na bei anataja yeye, na wewe una mtoto anaumwa kwa hiyo unatoa.

Nasema haya kwa sababu bila kuyajua huwezi kuelewa kwa nini watu wa kule neno haki likitajwa kwenye karatasi wanalisoma mara mbili. Watu hawa mwaka 2018 walikataa bei ya mnadani mbele ya wanunuzi, mpaka serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kubeba mzigo. Afu msimu wa 2024/2025 mnada ukahamia mtandaoni kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, ambalo wengi wanaliita TMX tu, na minada ya mwanzo bei ikavuka 4,000. Na vyama vikaanza kupewa mizani ya kidijitali. Kwa hiyo teknolojia iliingia kijijini ikiwa imeshikana mkono na bei nzuri, na hilo nalo lilichangia watu kuisifia bila kuichunguza.

Jarida lenyewe ni dogo, kurasa chache, nyeusi na nyeupe, linachapwa Mtwara mjini na kusambazwa na kijana wa bodaboda kwenye vyama, maduka na zahanati, halafu kopi ya simu inarushwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Wanaoliandaa ni watu wanne, mwalimu mstaafu ambaye ndo mhariri, kijana anayejua kompyuta, katibu wa kikundi cha akina mama, na afisa ugani anayesaidia akipata nafasi. Hakuna anayelipwa mshahara. Hela ya kuchapa inatoka kwenye michango na tangazo la duka moja la pembejeo.

MAKALA MBILI

Toleo la mwanzo wa msimu lilibeba makala mbili kubwa. Ya kwanza aliandika yule kijana, ilihusu mizani ya kidijitali na mnada wa mtandaoni, na ujumbe wake ulikuwa kwamba sasa mkulima amepata haki yake kwa sababu mashine haina ndugu wala rafiki. Ilikuwa imeandikwa vizuri kiukweli, ina michoro ya jinsi bei inavyopanda kwenye skrini wanunuzi wanaposhindana. Ila ukiisoma kwa makini, aliohojiwa wote ni viongozi wa chama, fundi aliyefunga mzani na mtumishi mmoja wa halmashauri. Hamna hata mtu mmoja aliyebeba gunia.

Ya pili aliandika katibu wa akina mama, kuhusu chakula cha haki, yaani kama mlaji anakula kitu kitamu basi aliyekitengeneza naye awe amepata sehemu yake. Alieleza kwamba korosho zetu nyingi zinaondoka ghafi, zinaenda India na Vietnam kubanguliwa huko, na zile chache zinazobanguliwa nyumbani zinabanguliwa na wanawake. Alielezea kazi yenyewe hatua kwa hatua, korosho zinakaangwa kwenye bati nje ya nyumba, maganda yanatema mafuta, moshi wake unachoma macho, halafu unakaa unagonga moja moja huku vidole vimepakwa majivu kwa sababu yale mafuta ya ganda yanababua ngozi, baadaye tena unamenya kile kingozi cha ndani. Na inahitajika kama kilo nne mpaka tano za korosho ghafi kupata kilo moja iliyobanguliwa. Makala ilikuwa na picha ya mikono ya mama mmoja, imepigwa karibu sana.

Mwishoni wakaweka swali kwa wasomaji wote, je teknolojia imeleta haki kwenye chakula chetu, tuma maoni, na namba ya simu.

MAONI YALIVYOINGIA

Njia zilikuwa tatu. Meseji na WhatsApp kwenye ile namba, sanduku la maoni pale ghalani, na ya tatu ambayo hakuna aliyeipanga, ni watu kumwambia yule kijana wa bodaboda.

Kwenye simu yaliingia mengi na karibu yote ni pongezi. Hongereni kwa makala nzuri, teknolojia ni mkombozi, Kusini tunaamka. Waliotuma ni walimu, watumishi, wenye maduka, na vijana wa kule walioko Dar ambao wanalipokea jarida kwenye simu. Watu wazuri hawa, wanaipenda kwao, ila wengi wao hawajasimama mbele ya mzani tangu wamalize shule.

Sanduku lilitoka na vikaratasi viwili vitatu vya salamu, na wahariri wakahitimisha kwamba wakulima hawana mwamko wa kutoa maoni. Baadaye katibu wa akina mama alipoenda mwenyewe ghalani ndo akaona lile sanduku limewekwa juu ya meza ya karani, yaani mtu mwenye malalamiko kuhusu karani aandike karatasi pale pale halafu anyooshe mkono mbele ya karani aidumbukize. Nani atafanya hivyo?

Kijana wa bodaboda yeye alikuwa analeta maneno mengine kabisa. Kwamba watu wanasema gazeti lenu linadanganya. Kwamba kuna mzee amelirudisha. Kwamba akina mama wamekasirika na ile picha. Mhariri akamjibu kwamba maneno ya njiani hayachapwi, lete maandishi.

TOLEO LA PILI

Likatoka toleo lililofuata na ukurasa wa maoni umejaa pongezi, na juu yake kichwa kinasema wasomaji waunga mkono mizani mipya. Sababu zao nilizisikia na siwezi kusema hazina uzito, zile meseji zilikuwa na majina, zimeandikwa, muda wa kupeleka kiwandani ulikuwa umefika, na mwalimu ana ule msimamo wa zamani kwamba kisicho na sahihi hakipo. Pia mwenye duka la pembejeo alikuwa amepiga simu kusema amefurahia muelekeo wa jarida, na mtu anayelipia karibu nusu ya uchapaji akifurahi unapata usingizi.

Kijijini toleo lile halikupokelewa. Kopi zilibaki dukani zikafungia maandazi. Halafu kwenye mkutano wa chama akasimama mzee mmoja ameshika jarida, akasoma kwa sauti jina la msomaji wa kwanza aliyesifia, akauliza huyu njomba shamba lake liko wapi na korosho zake msimu huu kazipima ghala gani, maana sisi hatumjui. Ukumbi mzima ukapiga makofi, na katibu wa akina mama alikuwepo.

WALIVYOAMUA NA KWA NINI

Kikao kilichofuata kilikuwa kigumu. Kijana alitaka waachane na ile mada kabisa, wahamie kwenye ugonjwa wa mikorosho wa ubwiriunga na dawa yake ya salfa. Katibu alitaka wachape maneno yote ya mtaani kama yalivyo, na mhariri akakataa kwa hoja ambayo mi naiunga mkono, kwamba ukichapa tuhuma ambayo huna mwenyewe na hujaiona kwa macho umemfanyia karani kile kile unachosema mkulima amefanyiwa. Wakaishia kwenye njia ya katikati ambayo ina kazi zaidi kuliko zote, waende wakazisome zile makala mbili kwa sauti mbele ya watu, waandike maoni palepale, na mwenye maoni asomewe alichosema kabla hakijaondoka.

Walikaa mara mbili tofauti. Jioni kwenye uwanja wa chama na wakulima kwa ujumla, na siku nyingine chini ya mkorosho pale wanapobangulia akina mama, wanaume hawakualikwa. Kila aliyeongea aliulizwa, unataka hili lichapwe, na ukitaka liandikwe kwa jina gani. Wazee wakiongea Kimakonde katibu aliandika kwa Kiswahili kisha akawarudishia kwa Kimakonde wasikie kama ndo walichosema. Na kabla ya kuchapa waliwapelekea viongozi wa chama yale maoni wajibu, wakawapa nafasi sawa ukurasa unaotazamana nao, ila wakawaambia mapema mna haki ya kujibu, hamna haki ya kufuta.

YALIYOSEMWA

Hapa ndo pa kukaa kidogo.

Kuhusu mzani, hakuna aliyesema mashine ni mbaya. Walisema mzani umewekwa ndani ya mlango wa ghala na kioo chake kinamtazama karani. Mkulima anasimama upande wa pili wa magunia, anasikia tu. Na karani anasoma namba nzima, pointi anaiacha, gunia likiwa kilo 61 pointi 7 anaita sitini na moja. Ukiuliza unaambiwa hiyo ni ya gunia, mara ni unyaufu, yaani uzito unaopotea korosho zikikauka. Mama mmoja alipiga hesabu pale pale kwa kijiti mchangani, gramu 700 ukizizidisha kwa bei ya shilingi 3,000 kwa kilo ni shilingi 2,100, kwenye gunia moja, na yeye ana magunia mangapi, na kijiji kizima kina mangapi. Katika maoni yote yaliyoingia tangu mwanzo hakuna lililofika karibu na hilo, kwa sababu unaweza kwenda kesho ukaangalia kioo kinatazama wapi.

Kuhusu mnada wa mtandaoni kuna mzee aliusifia, na sifa yake ilikuwa nzito kuliko zile za kwenye simu. Alisema zamani barua za wanunuzi zenye bei zao zikifunguliwa yeye anaamini tu alichosomewa, siku hizi anaona namba zinapanda kwenye skrini kubwa, zote hazielewi ila bei anaijua muda ule ule anaoijua tajiri. Akaongeza kwamba tatizo linaanza baada ya hapo, makato. Bei ya mnadani inatangazwa kwa sauti, makato yanakuja kimya kimya, ushuru wa halmashauri asilimia 3 anaujua, mengine yanayofuata anayaona tu hela imeshaingia.

Akina mama walileta jambo la meseji ya malipo. Hela inaingia kwenye akaunti au namba iliyoandikishwa, na wengi wao shamba wanalima wao lakini namba iliyoandikwa ni ya mume, ya kaka, kuna mjane namba yake ni ya mjomba wake. Makala ilisema malipo ya simu yamempa mwanamke uhuru. Kwao uhuru huo ulikuwa unatoa mlio kwenye mfuko wa mtu mwingine.

Na ile picha. Mwenye mikono alisema alikubali kupigwa ila hakuambiwa itaenda kwenye simu za watu, na watoto shuleni walimcheka mwanae. Halafu wenzake wakaongeza kwamba makala yote imewaonea huruma lakini haikuuliza wanalipwaje, wanachotaka ni kulipwa kwa kazi yote waliyoifanya pamoja na vipande vilivyovunjika, ambavyo mnunuzi anavichukua kwa bei ya kutupa halafu mjini vinauzwa kwa watu wa keki. Kwenye hilo naona mwandishi, pamoja na moyo wake wote mzuri, alikuwa ameandika kwa macho ya mlaji.

MATOKEO

Toleo la tatu likatoka na maoni hayo na majibu ya chama. Viongozi kwanza walikasirika, kisha wakafanya kitu cha maana, mzani ukasogezwa hadi kizingitini ukawekwa ubavu ili karani na mkulima wote waone kioo, na karani akaambiwa asome mpaka pointi. Nilipofika pale nilimuona mzee anasubiri namba itulie, anaitikia kwa kichwa, ndo gunia linashushwa. Risiti za kuchapwa zilianza kutolewa, zikaishia katikati ya msimu karatasi za printa zilipokwisha, wakarudi kwenye daftari. Makato yalibandikwa ukutani kwa orodha. Malipo ya vipande vya korosho, hakuna kilichobadilika.

Mwenye duka aliondoa tangazo lake. Hakutoa sababu. Jarida likapunguza kurasa.

Na kuna madhara yaliyompata mtu. Mama aliyepiga hesabu mchangani aliomba asitajwe jina na kweli hakutajwa, ila wakaandika kwamba ni mama anayeuza maandazi karibu na ghala. Karibu na ghala wauza maandazi ni wangapi? Ndani ya siku chache kila mtu anamjua, karani akawa hamsalimii, na mzigo wake uliofuata ukapangwa daraja la pili, wakati yeye anasema alizianika na kuzichambua kama siku zote. Inawezekana kabisa kwamba daraja lile lilikuwa halali. Lakini yeye hawezi kuamini hivyo tena, na aliyemfikisha hapo ni jarida.

UCHAMBUZI

Kilichosaidia kwanza ni kuacha kuhesabu maoni kama kura. Kwenye toleo la pili walihesabu, pongezi nyingi, malalamiko machache, basi wasomaji wameunga mkono. Lakini idadi ile ilikuwa inapima nani ana bando na nani amezoea kuandika, haikuwa inapima mzani. Walipoanza kuuliza huyu mtu ameliona wapi hili analosema, ukurasa ukabadilika wenyewe, pongezi zisizo na kitu ndani zikapungua na sifa yenye sababu, kama ya yule mzee wa mnada, ikapata heshima yake. Mi naamini mhariri angeweza kuligundua hili mapema kama angemsikiliza yule kijana wa bodaboda, ambaye ndo pekee kwenye timu aliyekuwa anakutana na wasomaji kila siku, na alidharauliwa kwa sababu analeta habari kwa mdomo.

Kusoma kwa sauti kulisaidia kuliko hata wao walivyotegemea. Watu wengi walikuwa wanalijibu jarida bila kulisoma, wameambiwa tu limesema nini, na waliposomewa makala ya akina mama yote kuna waliolegeza, wakasema kumbe limesema na haya. Kumrudishia mtu maneno yake kabla ya kuyachukua pia kulimpunguzia hasira, kuna wawili walisikia walichosema wakasema hapana, hilo la mwisho futa, nilikuwa nimepandisha.

Kuwapa chama nafasi ya kujibu ukurasa unaotazamana nadhani ndo kilichofanya mzani usogezwe. Kiongozi akisomewa lawama hadharani bila pa kujibia anajenga ukuta. Hapa alilazimika kuandika jibu, na ukiandika jibu kuhusu kioo kinatazama wapi inabidi uende ukakiangalie.

Kilichoharibika zaidi ya vyote ni ile habari ya maandazi, na kwangu haina utetezi, kwa sababu katibu aliuliza tuandike jina gani na mama akajibu, wao wakadhani kuficha jina kunatosha. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na msingi wake ni kwamba kinachomtambulisha mtu hakiishii kwenye jina. Lakini hata isingekuwepo sheria, kijijini kazi ya mtu, sehemu anapokaa na namna anavyoongea ni jina tosha. Ilitosha kuandika mkulima mmoja, basi, hata jinsia isingehitajika. Na kama jambo lenyewe lina hatari, liandikwe kama jambo la mkutano, kwa sababu walioliona walikuwa wengi.

Lingine ni tangazo. Jarida linalotegemea duka moja kwa karibu nusu ya gharama limeshampa mwenye duka kiti kwenye kikao cha uhariri hata kama hajawahi kuingia ofisini. Wangetakiwa kulijua hilo kabla ya msimu, watafute wadogo watano badala ya mkubwa mmoja, walianza kuwatafuta wakati kiwanda kinadai.

Na kuna wasomaji ambao mpaka leo hawajafikiwa. Vibarua wanaookota korosho kwenye mashamba ya wengine hawaji kwenye uwanja wa chama kwa sababu sio wanachama. Waliouza kangomba hawatasema mbele za watu kwamba waliuza, ingawa wao ndo wangeeleza kwa nini mtu anauza nje ya mfumo wakati mzani mpya uko pale, na ukiwasikiliza pembeni jibu linahusu chakula moja kwa moja, Januari na Februari unga umekwisha na mahindi bado mabichi. Makala ya haki ya chakula ambayo haina sauti hiyo bado haijakamilika.

HALI ILIVYO SASA

Sanduku limehamishiwa zahanati. Kijana wa bodaboda anaingia kwenye kikao cha uhariri na daftari lake. Picha ya mtu haitoki bila mwenyewe kuonyeshwa ukurasa na kuambiwa utaenda hadi kwenye simu. Suala la namba za malipo chama kimejibu kwamba kubadilisha namba kunahitaji mwanachama mwenyewe aje, na mwanachama mwenyewe kwenye daftari ni mume. Wameamua kulirudisha swali hilo kwenye toleo la msimu wa ufuta, na safari hii limeelekezwa kwa waume.